Corolla 100 inazima ikishapata moto, ikipoa inawaka kama kawaida. Nimechoka kulala Pongwe

Mwalimu wa Makorora | Jumapili, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 100 ya 1994, injini 5A, gia za mkono. Kila asubuhi natoka Makorora saa kumi na mbili na robo kwenda kufundisha Muheza. Inawaka kwa mguso mmoja, inatembea vizuri, haina misi, haina moshi. Nikishapita Pongwe, dakika ya 25 hadi ya 30 hivi tangu niwashe, inazima. Haikohoi wala haitetemeki. Ni kama mtu amenyoosha mkono akafunga swichi.

Napiga stata, inazunguka kwa nguvu zote, betri haina neno, lakini haishiki. Nakaa kando ya barabara nusu saa na ushei nikihesabu mabasi, halafu nawasha, inaondoka utadhani haijanifanya kitu. Mshale wa joto uko katikati siku zote. Maji hayapungui.

Nimeshabadilisha plagi, chujio la petroli, na wiki jana pampu ya mafuta. Fundi alifungua swichi, akatega sikio kwenye tangi, akasema pampu hailii, imekufa. Nikanunua. Kesho yake ikazima palepale, karibu na mnazi uleule. Wanafunzi wa kidato cha pili wameshanipa jina, sitaliandika hapa.

Nisaidieni kabla sijalinunua upya gari zima, kipande kimoja kimoja.

Chuma Chakavu | saa 2:52 usiku

Uza. Tanga ni waja leo waondoka leo, hilo lako limekuja, kuondoka linakataa.

Bandarini | saa 3:05 usiku

Mkuu hiyo ni pampu tu. Dalili zote ni za pampu. Ikipata moto inakaza, ikipoa inaachia.

Mwalimu wa Makorora | saa 3:09 usiku

Pampu ni mpya mkuu, nimeandika hapo juu.

Bandarini | saa 3:11 usiku

Basi umeuziwa feki. Nunua nyingine.

Popo wa Amboni | saa 3:30 usiku

Angalia na mfuniko wa tangi. Starlet yangu ilinisumbua miezi mitatu kumbe tundu la kupumulia limeziba kwa vumbi. Pampu inavuta petroli, hewa haiingii kuchukua nafasi, mwishowe pampu inashindwa. Ukifungua mfuniko unasikia tangi linavuta pumzi, *fyuuu*. Kipimo chake hakina gharama: likizima, fungua mfuniko, funga, washa hapohapo. Likiwaka, umepata. Ila yangu haikuwa inakata ghafla kama yako. Ilikuwa inapungukiwa nguvu kwanza, inakwaruza, ndiyo inazima.

Mzee wa 504 | saa 4:15 usiku

Vijana, salaam. Mimi nimeendesha Peugeot 404 na baadaye 504 njia ya Mombo kwenda Lushoto enzi za kabureta na platini. Kupanda pale Soni na abiria saba, kushuka na magunia ya viazi, ugonjwa huu ulikuwa wa kila siku, na tulikuwa na njia mbili za kuusoma.

Ya kwanza ni petroli kuchemka kwenye bomba. Pampu ilikuwa imefungwa kwenye ubavu wa injini, inavuta petroli kutoka tangini, na bomba linapita karibu na ekzosi. Petroli ikipata moto inageuka mvuke, na pampu ile haiwezi kusukuma mvuke. Hapo gari linakohoa, linashtuka, linakufa taratibu. Tulikuwa tunafunga kitambaa kibichi kwenye bomba na pampu, dakika tano tunaondoka.

Ya pili ni koili, ile inayokuza umeme wa cheche, au kondensa yake. Hii haikuwa na adabu ya kukohoa. Inakata papo hapo, kama anavyosema mwalimu. Ukishika koili unaungua mkono. Kitambaa kibichi juu ya koili, tunakula machungwa, tunawasha. Kuna tajiri mmoja alifunga koili isiyofaa, ya kuhitaji kipunguza umeme, akaiunga moja kwa moja na volti 12. Ilichemka mpaka mafuta ya ndani yakavuja.

Mwalimu, la kwako linakata ghafla. Mimi naelekea kwenye moto wa plagi, sielekei kwenye petroli.

Mwalimu wa Makorora | saa 4:22 usiku

Shikamoo mzee wangu. Koili ya hii iko ndani ya distributa, kile kigawa moto kwa plagi, kitambaa kibichi nitakiweka wapi?

Mzee wa 504 | saa 4:30 usiku

Marahaba mwanangu. Usiweke. Maji na distributa ni maadui. Hayo magari yenu ya kompyuta waachie wenye kuyajua, mimi nimeshasema langu.

Binti Waya | Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

Mzee wa 504 shikamoo, na umesema kweli. Mwalimu, pole sana. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Ngamiani. Nianze na pampu yako, maana imeniuma kama ni hela yangu.

Toyota nyingi za miaka hiyo, pampu hailii kwa kufungua swichi peke yake. Inapewa umeme unapopiga stata, na baada ya hapo inaendelea kupewa kwa sababu kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaona injini inazunguka. Isipoona mzunguko, inaikata. Imewekwa hivyo makusudi, ili gari likipata ajali injini ikasimama, pampu isiendelee kumwaga petroli kwenye chuma cha moto. Kwa hiyo fundi aliyefungua swichi akatega sikio hakupima chochote. Jaribu leo na pampu yako mpya: fungua swichi, usipige stata, tega sikio. Ikinyamaza na yenyewe utajua ulichonunua.

Sasa, kosa linalosumbua watu na ugonjwa huu ni kulipeleka gari gereji likiwa limeshapoa. Limepoa, limepona. Fundi atapima nini? Anabaki kukisia, na anayelipia makisio ni wewe. Vipimo vyote vifanyike pale linapozimia, ndani ya zile dakika za mwanzo. Kwa hiyo kuanzia leo tembea na vitu hivi kwenye kiti cha nyuma: plagi moja ya zamani lakini nzima, waya mfupi wenye vibano pande zote mbili, na mtu wa kukupigia stata.

Kabla ya yote, dashibodi yako ina mshale wa mizunguko ya injini? Kama upo una bahati, na gia za mkono ni bahati ya pili. Likizima ukiwa kwenye mwendo, usikanyage klachi haraka. Liache kwenye gia sekunde mbili tatu, barabara ikiwa nyeupe na hakuna gari nyuma yako. Magurudumu yatakuwa bado yanaizungusha injini. Mshale ule unaendeshwa na mpigo wa koili. Ukianguka sifuri wakati injini bado inazungushwa, koili haipigi, yaani umepoteza moto. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, koili inapiga vizuri, basi tafuta kwenye petroli. Kipimo hicho hakihitaji hata kufungua boneti.

Ukishasimama, fungua boneti na ufanye hivi. Chomoa waya wa plagi ya kwanza, uchomeke kwenye ile plagi ya akiba, ibane plagi kwenye chuma cha injini kwa ule waya wenye vibano, mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono. Na usifanye kama kuna harufu ya petroli au unyevu wake popote. Angalia kama inatoa cheche.

Pili, kuna kiboksi cheusi kidogo karibu na injini chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS. Ndani kuna matundu yenye majina. Unganisha FP na +B kwa waya, fungua swichi. Hapo unaipa pampu umeme moja kwa moja bila kumuuliza mtu. Sikiliza tangini, na kamata mpira wa petroli unaoingia kwenye nozeli uone kama unakakamaa.

Tatu, toa waya huo, unganisha TE1 na E1, fungua swichi bila kuwasha. Taa ya injini itaanza kukonyeza. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, haina kosa kwenye kumbukumbu. Ikikonyeza kwa mafungu, hesabu na uniletee namba. Na usichomoe betri kabla ya hapo, utafuta kumbukumbu yote.

Mwalimu wa Makorora | saa 1:25 asubuhi

Dada yangu, hapo kwenye betri nikiri kosa. Kila inapozima nachomoa tamino ya hasi dakika kumi. Jirani aliniambia kontroli boksi inapumzika.

Binti Waya | saa 1:27 asubuhi

Ulikuwa unafuta ushahidi kwa mikono yako mwenyewe.

Chuma Chakavu | saa 1:31 asubuhi

Jirani huyo siye aliyekuuzia gari?

Noah ya Pangani | saa 7:50 mchana

Samahani kudandia uzi. Mimi nina Noah ya 3S, inazima pia ikipata moto, ila haizimi njiani. Inazima nikifika makutano nikaachia resi. Nikiwasha inashika, lakini mpaka nikanyage mafuta. Moshi mweusi kidogo na harufu ya petroli mbichi. Ni ugonjwa uleule?

Popo wa Amboni | saa 8:20 mchana

Huo mwingine kabisa. Wako unazima kwenye silensa, yaani mguu ukiwa nje ya mafuta, wa mwalimu unazima popote. Anzia kwenye vali ya silensa pale chini ya throtoli, huwa inajaa masizi meusi mpaka haichezi. Isafishe kwa dawa ya kusafishia kabureta. Petroli na mswaki usitumie, utaharibu.

Binti Waya | saa 9:05 alasiri

Popo yuko sawa, lakini moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi vinanifanya nimtazame sensa wa joto la maji pia. Yule wa waya mbili anayeongea na kontroli boksi, asichanganywe na yule wa waya mmoja wa mshale wa dashibodi. Akidanganya kwamba injini bado ya baridi, kontroli boksi linaendelea kumwaga petroli kama la asubuhi, na injini ikiwa ya moto inasakamwa. Chomoa soketi yake upime kwa mita: kwenye nyuzi 20 anatakiwa kuwa ohmu elfu mbili hadi elfu tatu, kwenye nyuzi 80 ashuke mpaka mia mbili hadi mia nne. Kwa joto letu la hapa, asubuhi injini ikiwa imelala utampata chini kidogo ya elfu mbili, usishtuke. Kwenye ile taa ya kukonyeza, waya wake ukikatika kabisa utapata 22. Lakini akidanganya kidogo kidogo hutapata namba yoyote, ndiyo maana mita ni muhimu.

Fungua uzi wako baba, tusimwage supu ya mwalimu.

Mwalimu wa Makorora | Jumamosi, saa 10:15 alasiri

Wakuu, ripoti. Wiki hii nilipanda daladala kwenda kazini kwa hiyo leo ndiyo nimeenda kulitega. Nilimchukua mpwa wangu, tukatoka saa nne, jua limesimama. Tumepita Pongwe, tukapita mnazi wangu, nikaanza kuona aibu kwamba leo halitazima mbele ya shahidi. Kilomita kama tatu mbele, kimya.

Nikaacha kwenye gia kama ulivyosema. Mshale ulikuwa kwenye elfu mbili na nusu. Ukaanguka sifuri mara moja, na gari bado linakwenda, injini naisikia inazungushwa na magurudumu. Mpwa wangu ndiye aliyepiga kelele, "Mjomba, umelala!"

Plagi ya akiba: nimeinama kama ninayetafuta sindano, mpwa anapiga stata, hakuna cheche hata moja. Nikajaribu waya wa tatu, hakuna.

FP na +B: pampu ikavuma vizuri kabisa na mpira ukakakamaa. Na nimejaribu kile cha kutega sikio bila stata: pampu mpya nayo iko kimya. Sitasema zaidi, nina wanafunzi humu.

TE1 na E1: taa ikakonyeza mara moja, ikatulia, ikakonyeza mara mbili, ikapumzika. Nimehesabu mara nne nne kuhakikisha. Ni 12.

Kisha nimekaa na kipepeo cha ukindu nampepea distributa boneti likiwa wazi, mabibi wanaopita wananiuliza kama ninachoma mahindi. Dakika 18 likawaka. Siku zote nikiacha boneti limefungwa huchukua 35 hivi.

Binti Waya | saa 10:40 alasiri

Hapo kwenye kipepeo umefanya kipimo cha nne bila kujua. Injini ikizima, maji hayazunguki tena na upepo wa mwendo hakuna, kwa hiyo chini ya boneti joto linapanda kwanza kabla ya kushuka. Ndiyo maana unasubiri muda mrefu. Umefungua na kupepea upande mmoja, ukapunguza muda karibu nusu. Kitu kinachougua kiko pale ulipopepea.

Sasa hiyo 12. Maana yake ni kwamba umepiga stata, kontroli boksi likasubiri ishara ya mzunguko, isifike. Ndani ya distributa, mbali na koili ya moto, kuna koili nyingine ndogo ndogo zinazokaa karibu na gurudumu la meno. Jino likipita, koili inatoa umeme mdogo, na hizo ndizo ishara: moja imeandikwa G, nyingine NE. Mafundi tunaiita pikapu, si ile ya kubebea mkonge. Kwa hizo kontroli boksi linajua injini inazunguka na iko wapi kwenye mzunguko wake. Zikikosekana halitoi amri ya cheche, halifungui nozeli, na linakata pampu. Vitu vitatu vinakufa kwa pamoja kwa sababu ya waya mmoja mwembamba kama unywele. Anayekuja na kudhani amekuta pampu imekufa, amekuta maiti wa tatu akamzika peke yake.

Bandarini | saa 11:02 jioni

Au kontroli boksi lenyewe. Mimi nina jamaa anauza.

Binti Waya | saa 11:06 jioni

Linaweza, lakini halipo pale alipopepea. Tusinunue kabla ya mita.

Mwalimu, kazi ya kesho. Chomoa soketi ya distributa, upande wa distributa wenyewe, pima ohmu kati ya pini za NE na kati ya pini za G likiwa baridi. Ziandike. Kisha tafuta mashine ya kukaushia nywele, upulizie gamba la distributa taratibu huku mita ikiwa bado imeshikamana. Usitumie moto wa gesi wala pasi. Tazama namba zinavyokwenda. Na kabla ya hapo kagua soketi yenyewe. Kwa chumvi ya upepo wetu hapa Tanga, pini huota kutu ya kijani, nimeshakuta Raskazone gari lililobadilishiwa distributa mbili kumbe ni kutu.

Chuma Chakavu | saa 11:15 jioni

Mwalimu anakwenda kuliseti nywele gari lake.

Mwalimu wa Makorora | Jumapili, saa 6:30 mchana

Dada yangu wa tumbo moja ana saluni barabara ya 12. Nimemwomba mashine, akaniuliza ya nani, nikasema ya Corolla. Amenipa kwa sharti kwamba nitainunua ikiungua.

Soketi safi, pini zinang'aa. Nimeitikisa na kuivuta, mita haikucheza.

G baridi: ohmu 212. Nimeipasha moto ikapanda mpaka 250, ikatulia, haina shida.

NE baridi: 430. Nikaanza kupuliza. 440, 460, 480. Hapo nikaanza kukata tamaa maana inapanda kistaarabu. Ikafika 505. Halafu mita ikaandika OL, yaani nje ya kipimo. Nikadhani kibano kimetoka, kumbe kimeshika. Nikazima mashine, nikachukua kipepeo. Baada ya dakika saba namba ikarudi yenyewe, 490 na kitu. Nimerudia mara tatu mbele ya mpwa na dada mwenye mashine. Mara zote tatu inakatika ikivuka 500.

Mimi nafundisha fizikia, kwa hiyo niruhusiwe kidogo. Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka 430 mpaka 505 ni ongezeko la asilimia 17 na nusu, yaani joto limepanda kama nyuzi 45 juu ya lile la barazani kwetu. Mpaka hapo ni shaba inayofanya kazi yake halali. OL ndiyo haina maelezo kwenye fizikia ya shaba, hiyo ni kukatika. Jumatatu kidato cha tatu wanapata swali hili na namba zake zote.

Mzee wa 504 | saa 7:10 mchana

Ahsante mwalimu. Sasa nimeelewa kwa nini koili zetu zilikuwa zinapona kwa kitambaa. Miaka yote hiyo nilikuwa naunganisha waya kwa maji.

Binti Waya | saa 7:45 mchana

Umemaliza, mwalimu. Bandarini, mwambie jamaa yako asubiri mteja mwingine.

Kwenye magari haya pikapu haiuzwi peke yake kwa urahisi, utatafuta distributa nzima ya mtumba. Kabla ya kulipa, ulizia vitu viwili: koili iwe ya ndani kama yako, na soketi ziwe na idadi ileile ya pini. Piga picha yako umtumie muuzaji, usimwambie kwa mdomo tu "ya 5A". Ikifika, ipige mashine ya nywele kabla ya kuifunga. Ya mtumba nayo imetoka kwenye gari lililokula joto miaka mingi.

Kufunga: kabla hujafungua boliti, chora kwa tipeksi alama kwenye gamba la distributa na kwenye kichwa cha injini, na kumbuka rota imeelekea wapi. Badilisha na oringi yake, ikiwa imekauka oili inavuja juu ya gia boksi. Ukishafunga nipigie, nije na taa ya taimingi, ya kupimia wakati wa cheche. Inasetiwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, injini ya moto iko kwenye silensa. Ukiseti bila kuziunganisha, kontroli boksi litakuwa linajirekebisha lenyewe na utakuwa unafukuza kivuli.

Popo wa Amboni | saa 8:00 mchana

Na kapu (mfuniko) la distributa ulifunguapo angalia ndani kama kuna oili. Ikiwepo, sili ya ndani imechoka, huenda ndiyo iliyochosha na koili hiyo.

Boda wa Kange | saa 8:12 mchana

Kumbe na pikipiki yangu ndivyo. Inazima ikipata moto, nikiimwagia maji pembeni pale kwenye magneti inawaka. Fundi kaniambia kabureta.

Binti Waya | saa 8:15 mchana

Pikapu ya magneti na koili zake. Usimwagie maji injini ya moto, utapasua chuma. Njoo na mita.

Mwalimu wa Makorora | Jumapili, wiki tatu baadaye, saa 1:20 usiku

Wakuu, nimechelewa kurudi, lakini nimerudi na gari.

Ya kwanza iliyotumwa kutoka Dar niliipokea stendi ya Kange, nikafungua boksi palepale: koili haipo ndani. Muuzaji nilikuwa nimemtumia picha, kwa hiyo hakubisha, akatuma nyingine. Hiyo ya pili soketi sawasawa. Nikaipeleka saluni. Wateja wawili wamekaa kwenye viti wanasubiri, mimi napuliza distributa. NE 418 baridi, ikapanda mpaka 510, ikabaki hapo dakika kumi nzima bila kutikisika. Ndipo nikalipa iliyobaki, elfu tisini jumla na nauli ya basi.

Binti Waya alikuja na taa yake, tukaseti nyuzi 10, silensa mizunguko 750. Hakutaka hela, alikubali samaki tu, nao nimempelekea kutoka soko la Deep Sea wa asubuhi ileile. Tangu hapo nimekwenda Muheza siku kumi na tatu bila kusimama. Jumamosi nikalipeleka Lushoto makusudi, nikapanda Soni mchana wa saa nane na watu wanne, nikarudi. Halikukohoa.

Ile distributa ya zamani nimeifungua kwa udadisi. Ndani ya pikapu, pale waya unapochomelewa kwenye pini, umekatika. Ukiutazama kwa macho huoni kitu. Nimeutazama kwa lenzi ya maabara: ncha mbili zimegusana, na ukipasha moto plastiki inayozishikilia inatanuka na kuziachanisha. Nafasi yenyewe ni ndogo kuliko unene wa karatasi.

Oili ilikuwepo kidogo ndani ya kapu, Popo ulisema.

Mzee wa 504 | saa 1:45 usiku

Soni umepanda kwa gia ya ngapi?

Mwalimu wa Makorora | saa 1:47 usiku

Ya pili, mzee wangu, na kwenye kona mbili za mwisho ya kwanza.

Mzee wa 504 | saa 1:50 usiku

Sawasawa. Sisi tulikuwa na ya pili mpaka juu, lakini viazi tulikuwa tunavishusha, hatuvipandishi.

Noah ya Pangani | saa 2:05 usiku

Kwa taarifa tu: wangu ulikuwa sensa wa maji. Nilimpima wa moto akakaa kwenye ohmu 1,600. Nimebadilisha, moshi umeisha. Vali ya silensa niliisafisha kwanza bila faida yoyote, ila sasa inang'aa.

Bandarini | saa 2:30 usiku

Mwalimu, ile pampu ya zamani uliyotoa, bado unayo?

Mwalimu wa Makorora | saa 2:33 usiku

Ninayo stoo. Nimeijaribu nje ya gari sekunde mbili kwa betri, inavuma kuliko ile mpya.

Bandarini | saa 2:34 usiku

Nakuja kesho kuichukua. Yangu hailii nikifungua swichi.

Binti Waya | saa 2:36 usiku

Bandarini, usiondoke nyumbani. Una waya?